Ini Langu Limeota

Wodini, Mwanza
9 Machi 2024

Dada Bernadina,

Mwangaluka! Kabla hujaendelea kusoma, simama wima, maana unaandikiwa na mtu mkubwa. Kuanzia Shinyanga mpaka Geita, waganga wote, wachimbaji wote, wafanyabiashara wote na magari yao, ni mwanamume mmoja tu anayeota ini jipya kama muhogo. Mwanamume huyo mmenyonya ziwa moja. Sikudanganyi. Daktari mwenye miwani kanithibitishia mbele ya wanafunzi wake.

Mimi sijambo, sijui wewe na watawa wenzako. Shikamoo Mama Mlezi, Sista Generoza. Najua barua za wanovisi unazisoma wewe kwanza, kwa hiyo nakusalimu humu humu ndani, tusisumbuane mlangoni. Usiukate mstari wowote, mambo mazuri yako chini.

Sasa ilivyokuwa. Februari tarehe kumi na nne tulikuwa chini ya duara, mimi na Selestine, futi mia na ushee. (Mama Mlezi, duara ni shimo letu la dhahabu. Na Selestine ni mtoto wa mama mdogo, aliyelelewa kwetu Samuye tangu mama yake afariki, kwa hiyo ni kaka yetu tu, usimuulize Bernadina maswali mengi.) Magogo yanayoshikilia ukuta yakaachia. Moja likanipiga huku kulia, jingine likamlalia Selestine ubavu wa kushoto. Tulipovutwa juu kwa kamba watu walikuwa wameshaanza kuulizana sanda. Mimi nikawaambia, kwa hawa hamtazika mtu.

Hapa wakanifungua. Ini lilikuwa limepasuka vibaya, wakakata kipande, kikubwa kama kandambili. Nilipozinduka nikamuuliza daktari, "Sasa mimi ni mtu au nusu mtu?" Akasema, "Ni mtu. Ini ndicho kiungo cha ajabu humo ndani. Ukikata kipande, kilichobaki hukua kikarudi karibu na ukubwa wake wa zamani. Miezi michache tu. Ila pombe usiguse, na mzigo usibebe." Nikamwambia arudie kwa sauti, wagonjwa wenzangu walikuwa hawajasikia vizuri.

Selestine yeye ni figo. La kulia alizaliwa nalo dogo, halifanyi kazi ya maana, hata yeye alikuwa hajui. La kushoto ndilo lililoumia, wakakata nusu. Yuko kitanda cha jirani, ananuna kwa sababu naongea sana. Anakusalimu.

Baba usimwogope. Keshafika, keshatukana, kesharudi kwa ng'ombe wake.

Ni mimi mdogo wako mwenye ini linaloota,
Ngusa


Unovisini, Ushirombo
24 Machi 2024, Jumapili ya Matawi

Mdogo wangu Ngusa,

Amani kwako, na afya zaidi ya amani. Sisi tu wazima, tunafunga, tunalima, tunaimba. Barua yako imeletwa na Mama Jenifa muuza dagaa, na imenuka dagaa mpaka kanisani. Mama Mlezi ameisoma. Alifika penye kandambili akaketi. Anasema "marahaba," na anasema hajawahi kusalimiwa na mtu mwenye kiburi hivyo.

Nimelia, halafu nimecheka, halafu nimelia tena. Wewe ukiumwa unazidi kuongea, nakujua. Ulipovunjika mkono kwa kuanguka na punda ulisema punda ndiye aliyeomba radhi.

Lakini niambie zaidi habari za Selestine. Umeandika kurasa mbili za ini lako, kaka yetu umempa mistari minne. Daktari alimwambia nini hasa? Anatakiwa kurudi kliniki lini? Yule hawezi kuuliza, unamjua. Akiambiwa kaa, anakaa. Akiambiwa simama, anasimama. Tangu utoto anakuangalia wewe kwanza ndipo atie mguu mtoni.

Msirudi Geita. Nendeni nyumbani Samuye mkapone. Ng'ombe hawaangukiwi na magogo.

Dada yako anayewaombea wote wawili,
Bernadina


Geita, machimboni
2 Juni 2024

Dada wa pekee,

Habari za masiku? Habari za magoti, yameshaota sugu? Mimi ukiuliza habari zangu utapata hasara, maana ni nzuri kupita kiasi.

LIMEOTA! Nimeandika kwa herufi kubwa ili Mama Mlezi asilipite. Juzi nilirudi Mwanza, wakanipaka ule uji wa baridi tumboni, wakanipiga picha. Daktari akageuza kioo nione. "Limerudi karibu lote," akasema. Nikamwomba ile karatasi ya picha. Sasa naitembeza machimbo yote. Jana mpaka Agapiti mwenye duara kaiangalia, kaigeuza juu chini, kaniuliza kichwa kiko wapi. Nikamwambia, hii si mimba, mzee.

Unajua watu wa huku walivyosema? Kwamba Ngusa kwisha. Kwamba atarudi Samuye kuswaga ndama pamoja na watoto wa shule ya awali. Baba kaja mwenyewe kunichukua, na fimbo yake. Nikamwambia, "Shikamoo baba, lakini mimi narudi chini. Lile gogo lilitaka nikimbie, na mimi sitalipa raha hiyo." Kaniambia nimerithi ukaidi wa upande wa mama. Na wewe uliyekataa kuolewa ukaenda utawani wakati ng'ombe wa watu wameshafika zizini, ulirithi wa upande gani?

Tatizo lilikuwa moja tu. Agapiti ana sheria yake: kamba moja, watu wawili. Mmoja anachimba, mmoja anashika kamba na kutoa mawe, halafu wanabadilishana. Na lazima wawe ndugu, anasema mgeni huiachia kamba. Huna mwenzio, huna nafasi, anapewa mwingine. Na mwenzangu ni Selestine. Alikuwa anasitasita, eti daktari kasema akitunze kilichobaki. Nikamwekea picha yangu mapajani. Nikamwambia, "Wewe soma hiyo. Walikata, limeota. Na wewe walikata, litaota. Mwili ni mwili, au la kwako ni la bati?" Kaitazama sana. Halafu kacheka, ndiyo mara ya kwanza tangu Februari. Kesho kutwa tunashuka.

Maumivu yakimzidi yapo madukani madonge ya diklofenaki, wachimbaji wote tunayatafuna kama karanga. Usiwe na wasiwasi.

Mdogo wako mzima kuliko wazima,
Ngusa


Unovisini, Ushirombo
16 Juni 2024

Ngusa,

Nakusalimu, na leo salamu ni fupi. Nimefurahi kwa ajili ya ini lako, nimemshukuru Mungu kwa sauti. Sasa nisikilize vizuri.

Sista Eunice ni nesi wa zahanati yetu, ana miaka thelathini kazini. Nimempelekea barua yako. Aliisoma amesimama, akanivuta pembeni akaniambia, "Mwandikie leo hii." Nakuandikia alivyosema, neno kwa neno, maana nilichukua kalamu.

Ini hukua tena. Figo halikui tena. Ukikata nusu ya figo, ile nusu imekwenda moja kwa moja. Kilichobaki hujikaza, huweza kunenepa kidogo kwa kubeba kazi ya mwenzake, lakini hakitengenezi kipande kipya hata ukingoje miaka kumi. Na Selestine hana figo la pili la kumsaidia. Anaishi kwa kipande kimoja. Kipande hicho kikifa, hakuna kingine.

Kwa hiyo: asishuke kwenye lile joto akakaukiwa maji. Yale madonge ya diklofenaki asiyaguse kabisa, yanaua figo polepole, mtu hasikii. Kliniki aende kila mwezi akapimwe damu na mkojo, hata kama anajiona mzima.

Ngusa, ulimwambia kitu usichokijua. Si dhambi, hukujua. Sasa umejua. Msomee Selestine barua hii kwa sauti, kuanzia juu mpaka kwenye jina langu. Agapiti na sheria yake watafute ndugu wengine.

Nasubiri unijibu kwamba umemsomea.

Dada yenu,
Bernadina


Geita, machimboni
11 Agosti 2024

Dada Bernadina mtakatifu mtarajiwa,

Salamu nyingi kama mchanga wa Songwa, ule uliochekechwa ukakosa almasi. Sisi huku tu salama, sijui huko kwenu mnavuna nini. Mama Mlezi, shikamoo, nimeota unanicheka.

Barua yako ya Juni ilifika. Ilikuwa imelowa dagaa, nikaipitisha macho harakaharaka, kazi zilikuwa nyingi. Wewe nawe una maneno, unaandika kama unasoma waraka wa askofu.

Habari kubwa ni kwamba tumeipata! Mkanda wa dhahabu umekuja wenyewe kwenye ukuta wetu, upana wa kiganja, unang'aa mpaka unaona haya. Wale waliosema nusu watu, leo wanatuita wazee. Nikipita wananyamaza. Jumapili nimevua shati mbele ya kibanda cha chai, nikawaonyesha mshono, nikawaambia atakayesema neno juu ya mtu aliyekatwa aje apime nguvu na mimi hapa hapa. Hakuja hata mmoja. Mwingine alisema yuko kwenye chai.

Baba nimemtumia ujumbe: ndama swaga mwenyewe.

Selestine anafanya kazi kama tingatinga. Halalamiki. Tunashuka pamoja, tunapanda pamoja.

Wabeja kwa maombi yako, yanafanya kazi.

Mdogo wako mshindi,
Ngusa


Unovisini, Ushirombo
25 Agosti 2024

Ngusa,

Hujambo? Mimi sijambo.

Umemsomea?

Dada yako,
Bernadina


Geita, machimboni
29 Septemba 2024

Dada mpendwa,

Habari za siku nyingi. Nisamehe kuchelewa, Mama Jenifa alikuwa anauguza mjukuu, na kalamu machimboni inatafutwa kuliko dhahabu yenyewe.

Mnatuonea wasiwasi bure. Njoo umwone Selestine mwenyewe, kanenepa! Mashavu yamejaa, asubuhi macho hayaonekani kwa shibe. Hata viatu vinambana sasa, imebidi avae kandambili zangu, na mguu wake unajulikana ulivyokuwa mwembamba kama wa korongo. Tunamtania, tunamwita bosi. Chakula chenyewe siku hizi anakula kidogo, anasema kinamrudi, lakini mwili unaongezeka tu. Mimi ninayekula sahani mbili sinenepi. Dunia haina haki.

Kachoka kidogo. Wote tumechoka.

Mkanda bado upo. Tukimaliza huu nitakuja Ushirombo na shati jipya, Mama Mlezi atadhani mbunge.

Mdogo wako,
Ngusa


Unovisini, Ushirombo
6 Oktoba 2024

Ngusa!

Huo si unene. Sista Eunice amesoma barua yako akakiacha chakula chake mezani. Hayo ni maji, figo limeshindwa kuyatoa. Mpeleke Mwanza siku utakayopata barua hii, usingoje kesho, usingoje mkanda. Mama Mlezi amempa Mama Jenifa nauli ya kuja moja kwa moja, asipitie sokoni. Anakusubiri usome mbele yake.

Bernadina


Mwanza
17 Novemba 2024

Dada yangu Bernadina,

Mwangaluka, dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima. Mama Mlezi shikamoo. Leo nakuomba uisome yote na umpe yote.

Tulifika Mwanza siku ile ile, Mama Jenifa alinishika mkono kama mtoto mpaka tukapanda gari. Selestine yuko hai. Hilo nimelitanguliza usije ukatafuta mbele. Anasafishwa damu kwa mashine, mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara. Damu inatoka mkono huu inazunguka kwenye mashine inarudi. Akishuka pale ni kama kitambaa kilichokamuliwa. Mikoba yetu ipo kwa ndugu wa Agapiti hapa mjini, mimi nalala kwake, Selestine yuko wodini. Kule duara wamepewa wengine, ndugu wawili wa Ushetu. Mkanda wanaumalizia wao.

Lakini mimi sijalala chini, usidhani. Nilikwenda kwa daktari mwenye miwani, nikapiga meza. Nikasema, "Chukueni langu. Mimi ninayo mawili, mazima, na nimezoea kukatwa." Akasema niketi kwanza. Akasema inawezekana, hapa nchini wanafanya, ndugu humpa ndugu, na mtoto wa mama mdogo ni ndugu. Lazima nipimwe damu na mambo mengi, na waangalie kwamba ule mshono wangu hauna shida. Nikasema nipimeni leo, kama ni damu nyie tekeni tu. Nikamuuliza kama langu nalo litaota likitolewa. Akaniangalia sana. Akasema, "Hapana, kijana. Ulishaambiwa na mtu kwamba linaota?"

Nikamwambia anipe fomu nitie sahihi.

Halafu akasema mgonjwa mwenyewe lazima akubali kwanza. Nikatoka mbio kwenda kwa Selestine, nimejaa maneno. Nilikuwa nimeyapanga: "Bosi, nakupa figo, lakini lina kiburi, litakufanya uongee sana." Nikamwambia hivyo hivyo. Alicheka mpaka akakohoa.

Halafu akasema, "Kaa nalo, Ngusa. Utalihitaji wewe. Langu linakuja."

Nikamwambia linakuja kutoka wapi.

Akasema, "La kwako lilichukua miezi mitatu na ushee. Langu liliumia zaidi, na halafu nililichosha kazini. Tuseme mwaka. Nilikatwa Februari, Februari ijayo si mbali. Hii mashine ni ya kunishikilia tu." Akachomoa chini ya mto ile picha ya ini langu. Dada, anayo. Nilidhani nimeipoteza machimboni. Imekunjwa mara nne, imechakaa mikunjo, na nyuma yake kaandika majina ya miezi, anaikata mmoja mmoja kwa kalamu.

Madaktari wamemwambia ukweli. Mara mbili nikiwepo. Wakisema anatikisa kichwa kwa adabu, "Ndiyo daktari," halafu ananiangalia mimi. Wakitoka ananiambia, "Hawa wanasoma vitabu. Mimi nimeona la kwako kwa macho." Fomu ya kukubali haitaki. Na daktari anasema Selestine hawezi kungoja sana, moyo nao umeanza kuchoka.

Kwa hiyo nimekaa kwenye ngazi za nje hapa nakuandikia, maana kuna jambo moja nimelipita katika barua zangu zote. Nimekueleza gogo, nimekueleza mshono, mkanda, shati. Agapiti na sheria yake nimemlaumu hapa wodini mpaka manesi wanamjua jina. Nimelaumu madonge. Nimelaumu hata joto la ardhini.

Barua yako ya Juni sikuipitisha macho harakaharaka. Haikuwa imelowa. Mama Jenifa aliniletea tarehe ishirini na nne, Jumatatu, saa nne asubuhi, nikiwa nimeshika kamba na Selestine yuko chini. Niliisoma yote nimesimama. Nikaisoma tena. Shule niliacha kidato cha pili lakini Kiswahili chako kilikuwa chepesi, dada, hata mtoto angeelewa. Figo halikui tena. Nilielewa.

Akavuta kamba mara mbili, yaani anataka kupanda. Nikaikunja barua nikaitia mfukoni. Alipofika juu akaniona nimeshika mfuko, akaniuliza, "Bernadina anasemaje?"

Nikamwambia, "Anatusalimu."

Nilijua nikimsomea hatashuka tena, na asiposhuka na mimi nimekwisha. Ningerudi Samuye na wale wote waliosema kwisha wangekuwa wamesema kweli. Nilijiambia wiki mbili tu. Halafu mkanda ukatokea.

Barua yako ninayo. Iko na tarehe juu, kwa mkono wako, na jina lako chini, kama ulivyotaka isomwe. Kesho akitoka kwenye mashine nitampa aisome mwenyewe, anajua kusoma kuliko mimi. Sitaongea. Akimaliza ataangalia tarehe. Halafu ataniangalia mimi, kama anavyoangaliaga, ajue kama atie mguu mtoni au asitie.

Fomu nitakuwa nimeishika mkono mwingine. Akiniita jina lolote nitaitika.

Mdogo wako, na mdogo wake,
Ngusa